CBA imetiwa sahihi, mshahara uko palepale: maswali ya wahadhiri

Tangu wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya wamalize mgomo wao wa siku 49 mnamo Novemba 2025, barua nyingi zinazotufikia zinahusu jambo moja: mkataba wa pamoja wa mishahara na masharti ya kazi. Wakenya wanauita CBA, Watanzania mkataba wa hali bora. Tumechagua barua sita na kuzijibu. Sheria tunazozitaja ni za Kenya, isipokuwa katika jibu la barua iliyotoka Iringa.

Ndugu Mhariri, nimechaguliwa mweka hazina wa tawi la chama chuoni kwetu. Tunajiandaa kwa mazungumzo ya mkataba wa ndani, na wenzangu wanasema tuingie na dai la asilimia 30, kisha tushuke polepole. Mnashauri tuanzie wapi? – Mweka hazina wa tawi, Kisumu

Hiyo asilimia 30 iwekeni kando kwanza. Mkiingia na asilimia tupu, upande wa pili utajibu kwamba hakuna pesa, nanyi hamtakuwa na tarakimu hata moja ya kuwapinga.

Kwanza jueni meza mnayokalia. Mshahara wa msingi na marupurupu ya nyumba ya wahadhiri wa vyuo vya umma hujadiliwa kitaifa, kati ya UASU, chama cha wahadhiri, na IPUCCF, jukwaa la mabaraza ya vyuo hivyo. Mkataba wa ndani ni wa mambo ya chuo chenu: matibabu, likizo ya utafiti, mzigo wa kufundisha, vigezo vya kupandishwa cheo, karo ya watoto wa wafanyakazi. Mkipeleka mshahara wa msingi kwenye meza ya ndani, mtaambiwa kamati haina mamlaka, na itakuwa kweli. Mtakuwa mmepoteza vikao viwili bure.

Halafu takwimu. Andikeni barua kwa naibu chansela mkiomba, kwa kila gredi kuanzia 11 hadi 15: idadi ya wahadhiri, jumla ya mishahara ya msingi, jumla ya kila rupurupu, nafasi zilizo wazi, na idadi ya watakaostaafu ndani ya miaka minne ijayo. Tajeni kifungu cha 57 cha Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007, kinachomtaka mwajiri akipe chama habari zote zinazohitajika ili kijadiliane ipasavyo. Wekeni tarehe ya mwisho ya kujibiwa. Jibu la kawaida ni kwamba mishahara ni siri. Jina la mtu na mshahara wake ni siri, jumla ya gredi si siri. Ombeni orodha isiyo na majina wala nambari za wafanyakazi. Msiwasahau wanaokaribia kustaafu: profesa wa gredi 15 akiondoka na nafasi yake ikajazwa na mhadhiri wa gredi 12, gharama ya mkataba inashuka, na ni nadra upande wa mwajiri kuwakumbusha hilo.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo vyama vingi vinapigwa chenga. Nyongeza ya mshahara wa msingi humgharimu mwajiri zaidi ya nyongeza yenyewe. Tuseme chuo huchangia asilimia 20 ya mshahara wa msingi kwenye mfuko wa pensheni, kisha kuna ada ya nyumba ya asilimia 1.5 anayolipa mwajiri. Nyongeza ya shilingi milioni 1 inakuwa gharama ya shilingi 1,215,000. Mkataba ukisema tu kwamba “shilingi milioni 100 zitatengwa kwa utekelezaji” bila kueleza kama michango ya mwajiri imo, kitakachoingia kwenye mishahara yenu huenda kikawa takriban milioni 82, na mtaanza kushukiana wizi hali kila mtu anasoma sentensi ileile. Andikeni tarakimu mbili kando kwa kando: ya nyongeza yenyewe, na ya gharama yote.

Tarehe nayo ni pesa. Chukueni mhadhiri wa mshahara wa msingi wa shilingi 120,000. Ninyi mnadai asilimia 8 kuanzia Julai mwaka wa kwanza na asilimia 4 mwaka wa pili. Mwajiri anajibu kwa tabasamu: basi chukueni asilimia 12 zote pamoja, kuanzia mwaka wa pili. Kwa masikio ni kitu kimoja. Kwa dai lenu mhadhiri huyo anapata 129,600 mwaka wa kwanza na 134,784 wa pili. Kwa jibu la mwajiri anabaki na 120,000 mwaka mzima, kisha anapata 134,400. Tofauti ya miaka miwili ni shilingi 119,808 kwa mtu mmoja. Kwa wahadhiri 600 wa kiwango hicho, ni zaidi ya milioni 71. Elezeni pia kama ile nyongeza ya kawaida ya kila mwaka imo ndani ya asilimia iliyokubaliwa au iko juu yake. Mkiliacha wazi, idara ya fedha itaichukulia imo.

Kuhusu mzigo wa kufundisha, msiridhike na maneno kama “mzigo unaofaa”. Taja kozi ngapi kwa muhula, darasa likizidi wanafunzi wangapi mhadhiri anapata msaidizi au anahesabiwa darasa la pili, na kusimamia tasnifu moja ya uzamili ni saa ngapi kwa wiki. Kipengele kisicho na tarakimu hakuna mtu aliyewahi kukikiuka, kwa hiyo hakuna atakayewahi kushtakiwa kwacho.

Vikaoni, awe msemaji mmoja. Mkitaka kupingana, ombeni dakika 20 mtoke nje. Kila upande ulete barua inayoonyesha umetumwa na nani na unaweza kukubali nini bila kurudi kuuliza. Tumeona mazungumzo ya miezi mitatu yakifutwa kwa sababu kamati ya mwajiri haikuwa na idhini ya baraza la chuo. Kumbukumbu za kila kikao zitiwe sahihi mwanzoni mwa kikao kinachofuata, na kila kipengele kilichokubaliwa kiwekwe herufi za kwanza za majina ya wasemaji wote wawili, papo hapo. Jibu la mwajiri likiwa la mdomo, rudini na barua ya ukurasa mmoja: “Tulivyowaelewa tarehe fulani ni hivi.” Wakinyamaza, mna karatasi.

Mimi si mwanachama wa chama chochote na sijawahi kusaini fomu. Mbona hati yangu ya mshahara ina makato ya chama kila mwezi? – Mhadhiri, Nakuru

Yumkini si ada ya uanachama bali ada ya uwakala, ambayo kifungu cha 49 cha Sheria ya Mahusiano ya Leba kinaruhusu ikatwe kwa mfanyakazi asiye mwanachama lakini anayefaidika na CBA. Sharti mambo mawili yawepo: CBA inayokuhusu wewe na cheo chako, na agizo la Waziri wa Leba. Ada ya uanachama ni kitu kingine, nayo haiwezi kukatwa bila wewe kusaini Fomu S. Iandikie idara ya wafanyakazi uulize ni makato gani kati ya hayo mawili, na uombe nakala ya agizo. Ukikuta unakatwa zote mbili, hilo ni kosa la ofisi ya mishahara, dai urudishiwe. Na kama umepanda hadi cheo cha uongozi ambacho CBA imekitaja kuwa nje ya wigo wake, ada ya uwakala haikuhusu tena.

Mkataba ulitiwa sahihi mbele ya kamera, wakapeana mikono. Miezi saba sasa, sijaona senti. Je, sahihi ile ina maana gani kisheria? – Mhadhiri mwandamizi, Machakos

Peke yake, ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 59 cha sheria hiyohiyo kinasema CBA inaanza kutekelezeka ikishasajiliwa na Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Leba, lakini nguvu yake inarudi hadi tarehe waliyokubaliana wahusika. Kwa hiyo mkataba uliosajiliwa leo unaweza kudai nyongeza ya miaka miwili iliyopita, ndiyo maana ya malimbikizo. Usiposajiliwa, una ahadi nzuri mkononi. Kifungu cha 60 kinampa mwajiri siku 14 tangu makubaliano yafikiwe ili aupeleke mahakamani, na akikaa nao, chama kinaweza kuupeleka chenyewe. Muulize katibu wa tawi lako swali moja tu: umesajiliwa tarehe ngapi? Akikujibu kwa hotuba, bado.

Kabla ya mahakama kuna SRC, Tume ya Mishahara. Ibara ya 230 ya Katiba inaipa kazi ya kushauri kuhusu malipo ya watumishi wa umma, na wahadhiri wa vyuo vya umma wamo. Mkataba wenye vipengele vya pesa usio na barua ya SRC hukwama kwenye usajili au baadaye, mtu anapouliza pesa hizi zilikubaliwa na nani. SRC hufanya kazi kwa mizunguko ya miaka minne, ndiyo sababu mikataba ya wahadhiri inaitwa 2017–2021 na 2021–2025. Na mzunguko wenyewe unaweza kuingiliwa: Juni 2021 tume hiyo ilisitisha nyongeza za watumishi wa umma kwa miaka miwili ya fedha, kwa hiyo mkataba wa 2021–2025 ulianza maisha ukiwa umefungwa miguu.

Tatizo linalosahaulika zaidi ni kalenda ya bajeti. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Taarifa ya sera ya bajeti hufika bungeni kufikia tarehe 15 Februari, na makadirio kufikia tarehe 30 Aprili. Mkataba unaotiwa sahihi Septemba hauna mstari wowote kwenye bajeti ya mwaka huo. Unabaki kusubiri bajeti ya ziada, au Julai ijayo. Nafikiri hili ndilo kosa kubwa la mazungumzo yetu: yanafanywa kwa kalenda ya mihula, mgomo wakati wanafunzi wanafungua, hali anayelipa anafuata kalenda ya Hazina. Chama kinachotaka pesa Julai kimalize hesabu zake Januari.

Tazama mkataba wa 2017–2021. Machi hadi Mei 2018 wahadhiri waligoma, hasa kwa sababu upande wa serikali haukuwa umeleta jibu la maandishi kwa mapendekezo yao. Makubaliano ya shilingi bilioni 8.8 yalipatikana mwaka 2019, nusu ya muda wa mkataba ikiwa imekwisha. Baadaye pande mbili hazikukubaliana kiasi gani kilikuwa kimelipwa: chama kikidai salio la takriban bilioni 7.9, serikali ikitaja kiasi kidogo mno. Ugomvi huo juu ya salio ndio uliozaa mgomo wa Septemba 2025, na uliisha kwa ahadi ya kulipa kwa awamu mbili, Novemba 2025 na Julai 2026. Miaka tisa tangu tarehe ya kuanza mkataba! Jedwali la malipo lenye gredi, idadi ya watu, mwezi na kiasi, likiambatishwa kama sehemu ya mkataba siku ya kutia sahihi, lingepunguza ubishi huo hadi kazi ya mhasibu na kikokotoo.

Kwako binafsi: weka hati za mshahara za miezi yote tangu tarehe ya kuanza mkataba, na barua ya kila ulipopandishwa cheo, kwa maana malimbikizo hukokotolewa kwa gredi uliyokuwa nayo mwezi ule, si ya leo. Madai ya ajira yana ukomo wa miaka mitatu mahakamani, usisubiri hadi ustaafu. Waliostaafu na familia za waliofariki wanadai pia, ila huachwa nje kwa sababu hawamo tena kwenye orodha ya mishahara. Mkataba uwataje.

Na kodi: malimbikizo yakilipwa yote mwezi mmoja, mapato ya mwezi huo yakizidi shilingi 500,000, sehemu iliyozidi hukatwa asilimia 32.5 badala ya 30, na inayozidi 800,000 asilimia 35. Iombe ofisi ya mishahara iyagawe kwa miaka yaliyostahili, na uombe kabla hayajalipwa.

Chama kinasema tujiandae kwa mgomo kwa sababu chuo hakijalipa nyongeza iliyokubaliwa. Nikigoma, naweza kufutwa? – Mhadhiri wa mkataba wa miaka mitatu, Eldoret

Inategemea mgomo wenyewe ni wa aina gani. Mgomo unaolindwa na sheria una njia yake. Mgogoro unaripotiwa kwa Waziri wa Leba, anayepaswa kuteua mpatanishi ndani ya siku 21. Mpatanishi ana siku 30, au zaidi pande zote zikikubali. Akishindwa, anatoa cheti kwamba suluhu haikupatikana, au siku zenyewe zinakwisha. Hapo ndipo chama kinatoa notisi ya maandishi ya siku 7 kwa mwajiri na kwa waziri. Ukijumlisha, ni karibu miezi miwili. Notisi ya siku 7 iliyotolewa bila hatua za kwanza ni karatasi ambayo wakili wa chuo ataifurahia.

Kwa hali unayoieleza kuna mtego mwingine. Kifungu cha 78 kinakataza mgomo juu ya jambo ambalo tayari linatawaliwa na CBA inayowafunga wahusika. Nyongeza iliyokwisha kukubaliwa na kusajiliwa ni haki ya kudaiwa mahakamani. Mgomo ni silaha ya kudai kile ambacho hakijakubaliwa. Wahadhiri wengi huona jambo hili ni kichekesho: mwajiri anavunja mkataba, kisha mkataba huohuo unawazuia kugoma. Tunakubali linauma, lakini majaji huzitazama amri za kusimamisha mgomo kwa macho hayo. Chama makini huenda mahakamani kudai utekelezaji kwanza, au huhakikisha mgogoro uliopelekwa kwa mpatanishi una jambo jipya la kweli ndani yake, kama ratiba ya malipo au mkataba wa kipindi kinachofuata.

Mgomo ukilindwa, mwajiri hawezi kukufuta wala kukuadhibu kwa kushiriki, ingawa halazimiki kukulipa siku hizo. Usipolindwa, unahesabika umevunja mkataba wa kazi, unaweza kuchukuliwa hatua za nidhamu, na huna madai ya mshahara. Mahakama ikitoa amri ya kuusimamisha na viongozi wakaipuuza, wanakabiliwa na kesi ya kudharau mahakama.

Wewe uliye kwenye mkataba wa miaka mitatu una hatari ya ziada: mwajiri hahitaji kukufuta, anaweza tu kutohuisha mkataba wako. Ndiyo sababu makubaliano ya kurudi kazini yataje wazi kwamba hakuna atakayenyimwa mkataba mpya kwa kugoma. Yaseme pia wiki zilizopotea zitafidiwa vipi, kwa Jumamosi au kwa kuongeza muhula, na mshahara wa siku za mgomo utalipwa lini masomo yakishafidiwa. Na kesi zilizofunguliwa ziondolewe na pande zote mbili, tarehe iandikwe.

Tuko chuo kikuu binafsi. Wahadhiri 64 kati ya 110 tumejiunga na chama. Mwajiri anasema hatufiki nusu ya wafanyakazi wake 240, kwa hiyo hawezi kukaa nasi. Na wakuu wa idara amewaambia ni menejimenti, wajitoe. Tufanyeje? – Wanachama, Iringa

Ndugu wanachama, mwajiri wenu anacheza na neno “wafanyakazi”. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatazama wingi ndani ya kitengo kinachofaa cha majadiliano. Ninyi 64 kati ya wanataaluma 110 ni asilimia 58. Mkichanganywa na makarani, madereva na walinzi hadi 240, mnashuka hadi asilimia 27. Mvutano wote uko hapo. Jengeni hoja kwamba wanataaluma wana mikataba, vyeo na vigezo vya kupanda vilivyo tofauti na vya wengine, na muambatishe kanuni za utumishi za chuo kama ushahidi.

Chama, si ninyi mmoja mmoja, kimpe mwajiri notisi ya kutaka kutambuliwa kwa fomu iliyowekwa na kanuni. Ana siku 30 za kukutana nacho ili wafikie makubaliano ya kutambuana. Akikataa, au mkibishana juu ya kitengo, peleka suala Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na likishindikana huko linaenda Mahakama ya Kazi. Kabla ya kutuma notisi, hakikisheni fomu za makato ya ada za wote 64 zimesainiwa na ziko kwa mwajiri. Fomu zilizolala kwenye droo ya katibu hazihesabiwi.

Kuhusu wakuu wa idara: menejimenti ya juu kwa maana ya sheria hiyo ni mtu ambaye kwa nafasi yake hutunga sera kwa niaba ya mwajiri na ana mamlaka ya kuingia mikataba ya pamoja kwa niaba yake. Mkuu wa idara anayepanga ratiba ya vipindi na kusaini fomu za likizo hayuko huko. Wabaki.

Mkishakubaliana, mkataba wa hali bora uwe wa maandishi na usainiwe. Tofauti na Kenya, hausubiri mahakama: unafunga tangu sahihi ya mwisho, isipokuwa wenyewe mmesema vinginevyo, na nakala hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Mkikwama kwenye maslahi, usuluhishi wa CMA ni siku 30, kisha kura ya wanachama, kisha notisi ya saa 48. Wenzenu wa vyuo vya umma wana sheria nyingine juu yao, ile ya majadiliano ya pamoja katika utumishi wa umma ya 2003, kwa hiyo msinakili hatua zao.

Nafundisha kwa saa katika vyuo viwili. CBA inanihusu? – Mhadhiri wa muda, Thika

Fungua ukurasa wa kwanza wa mkataba, kipengele cha wigo. Kikisema “wahadhiri wa kudumu na wa mkataba”, wewe haumo, na malipo yako yanatawaliwa na barua ya uteuzi ya muhula huo pekee. Usianze kufundisha bila hiyo barua, na iwe na kiwango kwa saa, idadi ya saa, na tarehe ya kulipwa. Fomu ya madai peleka pamoja na orodha ya mahudhurio iliyosainiwa na mwenyekiti wa idara, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Madai mengi ya malipo ya muda hukwama si kwa kukataliwa bali kwa sababu ofisi inasema haikuyaona. Tawi likitaka kuwaingiza watu kama wewe kwenye mkataba ujao, lihesabu kwanza ni wangapi, kwa maana upande wa mwajiri, ukiulizwa, mara nyingi hauna orodha.